Dosari ya Dhapu

Madamu Vrinda aliinamia kitambaa na kioo chake cha kukuzia mpaka pua ikakaribia kugusa maua. Alitafuta kosa dakika kumi nzima, asilione. Alianza upindo wa kushoto akaishia wa kulia, akageuza nyuma, akarudi mbele. Kisha akakifuta kile kioo, akakitia mkobani, akasema kwa upole wa mtu ambaye tangu asubuhi amekwisha kutoa majibu mabaya nyumba nne, "Mzee, hii si kazi ya mkono."

Ghisalal alidhani anataniwa. Alicheka kidogo, akaacha alipoona anacheka peke yake. Mkewe Kesar, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, alielewa upesi kuliko yeye, wala hakuingia. Alisimama pale pale mpaka chai ikafanya utando.

"Si ya mkono, ni ya nini basi?" aliuliza Ghisalal.

"Ya fremu, au ya mashine. Chapa ya mti huacha alama zake. Pale chapa inapokutana na mwenzake, mtu anaona. Rangi inazidi hapa, inapungua pale. Na vile vitone vya kona viko wapi?"

Vitone vilikuwepo. Kila chapa ya msaji ina kijino kidogo kwenye kona, kinachoacha kitone kwenye nguo ili mpigaji ajue pa kuiweka chapa inayofuata. Hapa Sanganer, mji wa wapiga chapa, wengi wetu huviacha vitone hivyo vionekane, na hakuna aliyewahi kufa kwa ajili hiyo. Ila baba yake Ghisalal alikuwa mtu wa kujipa taabu. Aliagiza chapa zake zichongwe hivi kwamba kitone kikaangukie katikati ya ua, chapa ya pili ikija inakimeza. Ghisalal alijifunza jambo hilo kwa miaka kumi na mmoja na kwa makofi yasiyo na idadi, na sasa mtaani petu amebaki yeye tu anayeliweza. Alimweleza madamu haya yote, akamwonyesha kwa kidole. Madamu akainama tena, akaangalia moyo wa ua, akasema ndiyo, anauona moyo wa ua, na ni moyo wa ua tu.

Halafu akauliza mwanawe anafanya kazi wapi.

Hilo swali lilikuwa na jibu lake tayari, maana mtaa mzima unajua. Naval, mtoto wao wa kiume, ameajiriwa kwenye kiwanda cha mashine nyuma ya uwanja wa ndege, anakaa mbele ya kompyuta na kupanga maua ya watu. Ghisalal alilitaja jina la kiwanda kwa sauti ndogo. Madamu aliandika.

Kilichokuwa mezani siku ile hakikuwa kipande cha nguo. Surana, tajiri pekee aliyekuwa bado ananunua nguo za chapa za mti kutoka nyumba ile, alikuwa amesema waziwazi: kuanzia sikukuu ya Diwali hachukui hata mita moja bila lebo ya kazi ya mkono, kwa sababu wateja wake wa ng'ambo wanaidai. Lebo inatolewa na jumuiya ya akina madamu Vrinda. Nyumba isiyopata lebo haina mnunuzi, na meza isiyo na mnunuzi ni mbao tu. Kwa hesabu yao wenyewe, watu wa nyumba ile wamepiga chapa vizazi saba.

"Kaa, madamu," alisema Ghisalal. "Kaa uangalie."

Alitandika pamba nyeupe juu ya meza, akaibana kwa pini pande zote. Binti yake Dhapu akasukuma kigari chenye sinia la rangi. Ghisalal alichovya chapa, akaiweka, akaigonga kwa kisigino cha kiganja mara moja, akainua. Akasogea. Akaweka, akagonga, akainua. Hakupima wala hakuchungulia kona. Mita mbili zilimalizika huku madamu amesimama na mkoba wake begani, na alipotazama tena, maua yalikuwa yametandaa kama yaliyomwagwa kwa pamoja, bila mahali ambapo mtu angesema hapa aliishia, hapa alianza.

Madamu hakuwa mtu mbaya. Macho yalimlegea, akavuta kiti akakaa. Alimwambia kwamba sasa anaamini, ila imani yake haifungashwi. Nguo itakwenda kwenye duka la mbali, mbele ya mtu ambaye hakumwona Ghisalal wala meza yake. Yule mtu ameambiwa kwamba kazi ya mkono hutambulika kwa makosa yake madogo, na asipoyaona atadhani ametapeliwa. Yeye madamu atarudi Ijumaa ya wiki inayofuata. Wamwandalie mita tatu ambazo mkono unaonekana, naye ataipeleka nyumba yao kwenye orodha.

"Unataka nikosee," alisema Ghisalal.

"Nataka uonekane, mzee."

Alikunywa ile chai ya utando bila kulalamika, akaondoka.

Habari zilifika kwa Ladu kabla madamu hajavuka barabara. Ladu ni jirani wa ukuta mmoja, mpiga fremu, na lebo alikuwa amekwisha kuipata. Alikuja na kiti chake mwenyewe, kwa sababu anapenda kukaa raha akiwa na neno la kusema.

"Kaka Ghisa," alisema, "miaka thelathini unatuita wavivu. Kumbe dawa ilikuwa uvivu."

Akamweleza alivyofanya. Alipoagiza fremu zake mpya, alimwambia mchoraji atie makosa kumi na mawili: ua moja limepinda, jingine limekosa jani, kitone hapa, doa pale. "Nimeyapanga vizuri, hakuna linalokaa karibu na ndugu yake. Madamu alipoyaona alinipongeza. Kidogo nilie."

Ghisalal alimwambia hiyo ni kazi ya wizi. Ladu hakukasirika. Alisema yeye ana watoto wanne na meza tano, na kati ya hizo meza mbili sasa zinaanikiwa pilipili.

Ni kweli. Sisi tuliokulia hapa tumeyaona haya yakipita moja baada ya jingine. Ghisalal alikuwa kijana wakati fremu za kwanza zilipoingia: watu wawili, wavu uliokazwa kwenye mbao, mmoja anasukuma rangi kwa mpira, mwenzake anapokea, na kazi ya chapa ya wiki nzima inaisha kabla ya chakula cha mchana. Nyumba baada ya nyumba zilibomoa kuta za ndani ili meza ziwe ndefu. Chapa za mti zikawa kuni. Msaji uliokunywa mafuta na rangi kwa miaka mingi huwaka vizuri sana, na masufuria ya kuchemshia nguo yalichemshwa kwa maua ya mababu. Baba yake Ghisalal alikuwa akipita na gunia kwenye marundo ya kuni za watu, anaokota chapa zisizo zake, na watoto wanamfuata nyuma wakimwita mzee wa majivu.

Waliomcheka nao wamechekwa. Mashine haitaki meza wala fremu. Inafyonza rangi kutoka kwenye chupa, inapita juu ya nguo kwenda na kurudi, na kinachotoka kimekwisha kukauka. Haijali maua ni mangapi wala rangi ni ngapi. Kiwanda kimoja nyuma ya uwanja wa ndege kilizinyamazisha meza za mtaa mzima, na hakikuhitaji hata kutujua majina.

"Acha kitone kimoja tu," alisema Ladu akiinuka na kiti chake. "Kimoja, kaka. Hakikuui."

Siku tatu mfululizo Ghisalal alijaribu kukosea.

Jambo hili ukilisimulia linachekesha, na siku ya kwanza hata wao walicheka. Alikusudia chapa ikae pembeni kwa upana wa uzi. Aliishusha pembeni, na kabla haijagusa nguo kiganja kikairudisha mahali pake, kama vile mguu unavyokwepa shimo gizani bila kuambiwa. Alipotumia nguvu, ua lilikwenda upana wa kidole. Dhapu aliinamisha kichwa kulitazama.

"Baba, hapa mtu ataona umesukumwa."

Alijaribu mkono wa kushoto. Yalitoka mabaka, hayakuwa makosa. Alijaribu kuacha kitone, na kitone kikaja kikubwa na cheusi katikati ya uwanja mweupe, kikimtazama. Ilipofika siku ya tatu hakuna aliyecheka. Ghisalal alikuwa na miaka sitini na mbili, na alisimama mbele ya meza yake akiona haya kama mtu aliyeambiwa avue nguo mbele ya wakwe. Alichana kile kitambaa vipande vinne, akanawa mikono, akasema hapana. Kama lebo wanaitaka kwa njia hiyo, wakampe mwingine.

Kesar alikuwa akipika mikate ya uwele. Hakugeuka.

"Na heshima yako, Baba Naval, tuile na mboga gani?"

Kesar akaendelea kupika, na alipomaliza alimwita Dhapu nyuma ya nyumba, kwenye kamba za kuanikia.

Dhapu ana miaka ishirini na minne. Jina lake kwa lugha yetu lina maana ya kwamba tumeshiba, inatosha, ndilo jina tunalompa binti anayezaliwa baada ya mabinti wengine ili miungu ielewe na ibadilishe mkono. Dada zake watatu wameolewa mbali. Miungu ilileta Naval kabla yake, kisha ikamleta yeye bila kuombwa. Naye ndiye aliyebaki mezani. Naval hakuipenda meza tangu utotoni, lakini Dhapu alikuwa akipanda juu ya ndoo ili aifikie. Sasa anajaza rangi za ndani, na miaka miwili hii baba yake amemwachia hata mistari ya nje. Amekwisha kuanza kukimeza kitone. Baba yake hajamsifu, ila ameacha kurudia nyuma yake, na Dhapu anajua maana yake. Hakuna kitu kingine anachokitaka duniani zaidi ya meza ile, na alishamwambia mama yake hivyo waziwazi walipokuja watu wa posa kutoka Tonk.

Katika nyumba za wapiga chapa nguo yenye dosari haiuzwi. Inashonewa mfarishi, lile blanketi letu lililojazwa pamba, na watu wa nyumba wanalala chini ya makosa yao wenyewe. Na kitambaa cha kwanza kabisa cha mtoto, kiwe kizuri kiwe kibaya, hakitoki nje hata kwa dhahabu. Mama anakishonea mfarishi wa mtoto mwenyewe, ajifunike nao mpaka aolewe au aoe, kisha aondoke nao. Cha Dhapu alikipiga akiwa na miaka tisa. Ni kizuri kwa mtoto wa miaka tisa. Lakini kwenye mstari wa tatu mkono ulimteleza, na ua moja likatoka na mabua mawili, kichwa kimeanguka upande. Siku ile alisubiri kofi. Baba yake alilitazama lile ua kwa muda mrefu, akasema, "Hili limelala." Tangu hapo nyumbani likaitwa ua la usingizi. Hata Naval, alipokuwa bado anakaa nyumbani, akitaka kumchokoza mdogo wake asubuhi, aliuliza ua la usingizi limeamka?

Kesar hakuzunguka. Alimwambia bintiye kwamba kile ndicho kitambaa pekee ndani ya nyumba ambacho madamu atakiona ni cha mkono. Dhapu akaingia ndani, akautoa mfarishi kwenye kitanda chake, akaketi nao juani na wembe, akaanza kuufumua uzi kwa uzi. Alisema afadhali afumue yeye, mama asije akakata ua.

Ijumaa madamu Vrinda alikitandaza kile kitambaa juu ya meza na hakuhitaji kioo. Alipitisha mkono. Alipofika mstari wa tatu alisimama, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki sokoni.

"Hii," alisema. "Mzee, kwa nini ulinificha hii?"

Ghisalal ndiyo kwanza alikuwa anakiona kitambaa kimetolewa nje ya mfarishi. Alimtazama mkewe, Kesar akatazama ukuta. Alimtazama Dhapu, na Dhapu akamrudishia macho bila kuyapepesa, macho ya kumwomba. Angeweza kusema neno moja. Alikuwa amemkatalia Ladu, amemkatalia mkewe, na mdomo wake haukuwahi kumshinda mbele ya mtu. Lakini yale macho ya binti yake yalikuwa yanaomba meza, na hakuwa na kitu kingine cha kumrithisha.

"Ni cha siku nyingi?" aliuliza madamu.

"Tumekifua sana," alisema Kesar, na hilo lilikuwa kweli.

Madamu aliwapiga picha: Ghisalal mbele ya meza, chapa mkononi, kitambaa kimening'inizwa nyuma yake. Akamwomba atie kidole gumba kwenye karatasi, ingawa Ghisalal anajua kuandika. Fomu ilikuwa imechapwa hivyo. Ghisalal alitia. Wino ulikuwa wa bluu, na alitumia nusu saa kuutoa, yeye ambaye mikono yake ilikuwa na rangi tangu azaliwe.

Surana alifika siku ya pili na boksi la peremende za maziwa. Aliwaita wote ndugu zake. Alikichukua kile kitambaa, akakikunja vizuri ndani ya karatasi, akasema anakwenda kuwaonyesha wateja, oda itakuja, wakae tayari. Dhapu alimsindikiza mpaka kwenye gari na kumuuliza kitambaa kitarudi lini. Surana alisema, binti yangu, kitarudi na bahati yake.

Walikaa tayari. Ghisalal aliloweka chapa mbili mpya kwenye mafuta. Dhapu alipiga pasi jute, lile gunia linalotandikwa juu ya meza, akaibadilisha pale ilipochakaa. Kesar aliwaambia majirani wawili, kwa siri iliyowafikia wote, kwamba msimu huu huenda wakahitaji mtu wa kusaidia kufua. Diwali ilipita. Chapa zilikunywa mafuta mpaka zikashiba, zikatolewa, zikafutwa, zikapangwa kwenye rafu. Oda haikuja.

Aliyekuja ni Naval, Jumapili moja mchana. Alikula nusu ya mkate, akausukuma pembeni. Mama yake alimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Akakaa kidogo, akasema sasa ni afadhali wasikie kwake kuliko kwa Ladu.

Surana alikuwa amekileta kitambaa kiwandani wiki ya kwanza. Naval ndiye aliyekilaza kwenye mashine ya kunakilia, yeye mwenyewe, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Alikijua kabla hakijafunuliwa chote. Wateja walikuwa wametaka mita elfu sita kwa wiki saba, na mzee kwa siku nzuri anapiga kumi na tano.

"Na lebo?" aliuliza Dhapu.

"Lebo inashonwa. Jina la Baba na picha yake."

Kesar aliuliza kwa nini hakukataa. Naval alisema angekataa, wangemweka mwingine, na ua lingekuwa lile lile. Ghisalal alikuwa ameinamia kiatu chake akikifunga kamba.

"Nipeleke," alisema.

Kiwandani hakukuwa na harufu. Hilo ndilo la kwanza alilolishangaa. Miaka yote rangi kwake ilikuwa harufu: chuma kilichovundikwa kwa sukari guru, magome, matope, mvuke. Hapa palikuwa na baridi ya mashine na mwanga mweupe. Nguo ilikuwa inashuka taratibu upande wa pili, pana kuliko kitanda, na hakuna mtu aliyeigusa.

Ilimchukua muda mfupi tu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na lile pale: mabua mawili, kichwa kimeanguka upande. Nguo ikaendelea kushuka. Mistari kadhaa, na lile pale tena. Na tena. Kila moja limelala vile vile, halikuzidi wala kupungua, mkono wa mtoto wa miaka tisa ukiteleza juu ya ndoo, ukiteleza, ukiteleza, mita elfu sita. Ghisalal aliweka kiganja juu ya nguo. Ilikuwa na joto kidogo, na ilikuwa kavu.

"Nilitaka kulifuta, Baba," alisema Naval nyuma yake. "Ni sekunde mbili tu. Tajiri akasema hapana, hilo ndilo wanalolinunua."

Surana, aliyekuwa amekuja kukagua oda yake, alitoka ofisini akiwa ameona kupitia kioo nani amekuja. Hakuwa na aibu, na kwa kweli alifurahi kumwona. Akamshika bega.

"Jina lako limefika mbali kuliko wewe, mzee."

"Hii haikupigwa na mkono wa mtu," alisema Ghisalal.

"Yule madamu alikuja juzi, akaiwekea kioo." Surana alizungumza polepole, kama anayemfariji mgonjwa. "Akauona mkono."

Surana alimnunulia chai, na chai ilipokuwa inapoa akamweleza shida yake. Wageni wanakuja dukani kwake, wale wa mabasi makubwa, na wanapenda kuona. Angependa meza moja ndogo pale mlangoni, na mzee mwenye jina la kwenye lebo asimame hapo saa chache. Mshahara wa kila mwezi, chakula cha mchana, kilemba kipya. Na Dhapu, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi, kuna nafasi kwenye meza ya kushona lebo.

Ghisalal alisema atafikiri. Alifikiri siku kumi na moja, muda uliotosha unga wa ndani kwisha, kisha akaenda.

Yanayobaki ni machache. Ghisalal anasimama mlangoni kwa Surana amevaa kilemba cha rangi tano ambacho kwao hakuna anayekivaa ila bwana harusi. Anapiga chapa kwenye vitambaa vya mkononi ambavyo wageni wanapewa bure. Siku ya kwanza msimamizi wa duka, kijana mwenye adabu, alimwomba aende polepole ili watu wawahi kupiga picha. Siku ya pili alimwambia, kwa adabu ile ile, kwamba vitambaa vyake havifanani na nguo zilizo rafuni na mgeni mmoja ameuliza kwa nini. Basi pale mstari wa tatu, mzee, lile ua lililolala, kama hutojali.

Alijitahidi. Wiki nzima yalitoka mabaka. Msimamizi alikuwa mvumilivu, akimletea nguo ya rafuni aitazame, na Ghisalal akawa anamwiga bintiye wa miaka tisa kutoka kwenye nguo ya mashine, kona hivi, kiganja hivi, mbele ya watu wanaopiga makofi. Ndani, nyuma ya pazia, Dhapu anashona lebo. Uso wa baba yake una ukubwa wa kucha. Anaweza kushona mia nne kwa siku na amekwisha kuacha kuutazama. Watu wa Tonk walirudi na posa yao, na safari hii hakusema kitu, akamwachia mama yake aseme.

Baridi ya Januari ilipoingia, Kesar aliona binti anajifunika pamba tupu iliyoshikizwa kwa shuka kuukuu. Kile kitambaa hakikurudi, na hakuna aliyekiulizia tena. Alimwambia mumewe. Binti hawezi kwenda kwa watu bila mfarishi wake.

Kwa hiyo Jumapili Ghisalal alifunua meza ya nyumbani. Ladu alikuwa ameiulizia, anataka mbao zake, na walikuwa wamekubaliana aichukue mwisho wa mwezi. Alitandika pamba iliyofuliwa mara tatu, nyeupe kabisa, akaibana pini. Aliteremsha chapa za baba yake, zile zinazomeza kitone. Alisema atampigia Dhapu kitambaa safi, kisicho na dosari hata moja, cha kwenda nacho. Dhapu alisukuma kigari chenye sinia la rangi, kama zamani. Kesar alileta kiti akakaa karibu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Aliweka, akagonga, akainua. Mstari wa kwanza ulitandaa bila kiungo. Wa pili ukafuata, na uso wa Ghisalal ukatulia, kiganja kikashika mwendo wake wa miaka. Ndege ya mchana ilipita chini juu ya paa na yeye hakuisikia. Alichovya, akaanza mstari wa tatu, ua moja, mawili, matatu, akaweka, akagonga, akainua.

Ghisalal alibaki ameishika chapa hewani, akiutazama mkono wake wa kulia kwanza, kisha nguo. Mabua mawili. Kichwa upande. Halikuwa baka. Lilikuwa limekaa vizuri kabisa, kama la mashine.

"Limelala, Baba," alisema Dhapu taratibu.

Ghisalal alijaribu kutabasamu, maana hiyo ilikuwa kauli yake mwenyewe. Akachovya tena, akasogea. Mstari wa nne ulikaa sawa, na wa tano. Kwenye mstari wa sita mkono ukafanya vile vile, na hapo akaiweka chapa chini pembeni ya sinia, akaenda kunawa. Dhapu alikimalizia kitambaa peke yake mpaka upindo, na jioni Kesar akakishona hivyo hivyo.